Mto Tunakokunywa, Mto Tunakotupa

Ukifungua bomba Buruburu au Kawangware, maji yanayojaza ndoo yako kwa sehemu kubwa ni maji ya bonde la Tana. Yamekusanywa Ndakaini, kaunti ya Murang'a, nyuma ya ukuta uliokamilika mwaka 1994 kwenye Mto Thika, katika bwawa linaloweza kubeba mita za ujazo milioni 70. Husafishwa Ngethu, yakateremka kwa mabomba hadi Gigiri, ndipo yakasambazwa kwako na kwangu. Yasingezuiwa njiani, yangeufuata Mto Thika hadi Tana, yakapita Garissa na Garsen, yakaingia baharini Kipini. Lakini tukishayanywa, tukayapikia na kuyafulia, hushuka na mabomba ya majitaka hadi mitambo ya kusafishia ya Ruai, na mengine mengi hushuka bila kupita bomba lolote, yakaingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, na kumwagika baharini kwa jina la Sabaki, karibu na Malindi. Mji wetu unateka katika mto mmoja na kumwaga katika mwingine.

Nalianza na hilo kwa sababu watu huniuliza kwa nini siku yetu ya mitumbwi na kayaki (mitumbwi myembamba iliyofunikwa juu), siku ya watu wa Nairobi, hufanyika Sagana, kama kilomita 100 kutoka katikati ya jiji. Huona kana kwamba tumeukimbia mto wetu tukaenda kwa wenyewe. Mimi sioni hivyo. Pale Sagana, Tana inapotoka kwenye vilima na kuanza kujinyoosha, imekwisha kupokea vijito vya Mlima Kenya na vya Nyandarua, na chini yake kuna yale mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere, ambayo kongwe kati yake, Kindaruma, lilianza kazi mwaka 1968. Taa inayowaka Eastleigh usiku ina deni kwa mto huu. Ukiupanda mtumbwi pale, umekwenda kumwona anayekulisha.

Siku yenyewe ni ya kawaida kabisa. Hakuna kombe wala anayepimiwa muda. Tunaondoka jijini alfajiri kabla Thika Road haijajaa, mitumbwi imefungwa juu ya gari kwa mikanda, na kufika kabla jua halijapanda. Huja wenye kayaki zao, wengi wao vijana walioanza kwa kufanya kazi na kampuni za utalii wa majini hapo Sagana. Huja wenye mitumbwi ya wazi ya watu wawili. Na huja watu ambao hawajawahi kukalia chombo chochote cha majini, si hata yale maboti ya kukodi ya Uhuru Park. Hao wa mwisho ndio ninaowapenda zaidi, na ndio siku yenyewe iliundwa kwa ajili yao.

Kinachowashangaza kwanza ni kwamba somo la asubuhi si kwenda, ni kupinduka. Mwaka mmoja alikuwepo mama wa makamo kutoka Umoja, amekuja na binti yake mwanafunzi wa chuo. Alimwita kijana aliyekuwa akitufundisha, akamuuliza, "Mwanangu, na hii kitu ikipinduka?" Kijana akamjibu kwa heshima, "Itapinduka, mama. Ndiyo maana tunaanza na hilo, tukiwa bado kwenye maji yaliyotulia." Akamwonyesha jinsi ya kuachia ile sketi ya mpira inayofunika tundu la kayaki, kuinama mbele, kusukuma mapaja na kutoka. Mama alifanya mara ya kwanza huku amefumba macho. Mara ya pili aliibuka akicheka. Baadaye mchana, kwenye mkondo wa kweli, binti yake ndiye aliyepinduka, na mama alikuwa wa kwanza kupaza sauti: "Miguu mbele! Lala chali, miguu mbele!"

Hayo ndiyo maneno niliyotaka kila mtu wa Nairobi ayajue, apende michezo ya majini au asipende. Ukiangukia maji yanayokimbia, usijaribu kusimama. Maji yanayofika magotini tu yanaweza kuubana mguu katikati ya mawe mawili, na yakishaubana yanakusukuma kifudifudi, na nguvu zako hazitoshi kuyashinda. Lala chali, vidole vya miguu viwe juu ya maji, miguu itangulie kuelekea mteremko wa mto ili iyapokee mawe badala ya kichwa, kisha ogelea kwa mikono ukikingama kuelekea ukingoni. Ukiona mti umeanguka ndani ya maji mbele yako, huo ndio wa kuogopwa kuliko jiwe. Maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti. Na kama mtumbwi wako umejaa maji, kaa nyuma yake, upande maji yanakotoka, usikae kati yake na jiwe lililo mbele, maana mtumbwi uliojaa una uzito wa mamia ya kilo na hukugandamiza kama mkokoteni wa mawe uliokatika breki. Jaketi la kuokoa maisha hufungwa mpaka mwenzako akilishika mabegani na kulivuta juu lisikuvuke masikio. Helmeti haivuliwi hata kwenye maji ya magoti.

Tunapenda kuambiana kwamba watu wa bara wanaogopa maji kwa asili. Siamini. Tunaogopa kwa sababu hakuna aliyetufundisha, na hofu isiyo na maarifa haimlindi mtu. Mtoto wa Mathare aliyeambiwa tu "usikaribie mto" hajui la kufanya siku mto unapomkaribia yeye.

Baada ya somo tunashuka. Mpangilio ni uleule kila mara: mwongozaji mmoja mbele anayeijua njia, mwingine nyuma kabisa ambaye hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake, na wawili ukingoni na kamba za kurusha pale mto unapokaza. Filimbi moja ina maana niangalieni. Tatu zina maana kuna mtu hatarini. Mito hupimwa kwa daraja tangu la kwanza hadi la sita, la kwanza likiwa maji yanayotembea bila kizuizi na la sita likiwa maji ambayo hata mabingwa huyaacha. Tana ya Sagana ina vipande vya aina nyingi, na sisi wa siku ya jamii tunashika vile vya chini, tunavuka mawimbi machache yanayomlowesha mtu kifuani, kisha tunatoka majini kabla ya maporomoko makubwa. Waliobobea huendelea. Hakuna anayechekwa kwa kubeba chombo chake begani na kuzunguka kwa miguu.

Kwenye mtumbwi wa watu wawili, aliyekaa tezi, yaani nyuma, ndiye anayeongoza, na aliyekaa omo, yaani mbele, hutoa nguvu na macho. Wageni hudhani kuongoza ni kutia nguvu. Kumbe ni kuligeuza kafi, lile kasia fupi, kidogo mwishoni mwa kila mvuto, bapa likayasukuma maji kando, na omo ikarudi kwenye mstari. Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote, ni kuuvuka mto bila kuteremka nao. Unaielekeza omo juu, kule maji yanakotoka, unaipa mshazari kidogo kuelekea ng'ambo, unavuta taratibu, na ule mkondo wenyewe uliokuwa unataka kukupeleka chini unakuhamisha kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yanayozunguka na kurudi juu, na hapo unaweza kuingia ukapumzika katikati ya kelele zote. Mtu akishaingia hapo mara ya kwanza, akageuka na kuyatazama maji yakimpita pande zote mbili huku yeye ametulia, uso wake hubadilika. Nimeliona hilo kwa wahasibu, kwa makondakta wa matatu, kwa msichana mmoja aliyekuwa hajazungumza na mtu tangu asubuhi.

Mto wenyewe unasomeka. Masika yakikolea maji ni mekundu, na huo wekundu ni shamba la mtu. Ni udongo wa miteremko ya Murang'a na Nyeri, kwenye chai na kahawa na viazi, unaoteremka hadi Masinga na kutua chini ya bwawa, ukipunguza nafasi ya maji kila msimu. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao hoja yake ni nyepesi kueleweka: watumiaji wa maji walioko chini wachangie ili wakulima walioko juu wachimbe matuta, wapande nyasi za napia kwenye kingo za mashamba, na udongo ubaki kwao. Mkulima anafaidika, bomba la mjini linafaidika. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na halikuniingia hadi nilipotumbukiza mkono kwenye maji na kuutoa umepakaa tope laini, nikajua kwamba kuna mtu mlimani aliyekosa mahindi kwa sababu ya hili tope.

Njiani tunapita pampu za petroli zikivuta maji kwenda kwenye nyanya na mishiri, yale maharagwe mabichi, watoto wanaotukimbilia ukingoni wakitaja rangi za kayaki, wavuna mchanga wanaosimamisha sepetu kutuangalia. Mdiria hutangulia mbele yetu, anaruka, anatua, anaruka tena. Jambo moja wageni hulisahau: mvua inayoujaza mto si lazima inyeshe walipo. Sagana inaweza kuwa na jua kali, na saa chache baada ya mvua kubwa kule Nyandarua maji yakapanda na kubeba magogo. Ndiyo sababu tunaweka kijiti ukingoni asubuhi na kukiangalia. Kijiti kikifunikwa, hakuna mjadala, siku imekwisha.

Na hapa niwakumbuke walioujua mto huu kabla yetu sote. Kule chini, Wapokomo wameishi na Tana vizazi kwa vizazi, wakilima kingo zake na kusafiri kwa mitumbwi ya gogo. Wimbo wetu wa taifa, tunaousimamia wima tangu mwaka 1963, muziki wake ulitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Sauti ya taifa zima ilitoka kwa watu wa kafi. Ningependa siku moja tuwaalike waje kutufundisha, na si sisi kwenda kwao na vyombo vya plastiki.

Mchana tunakula samaki na ugali, na hapo ndipo mazungumzo huwa mazito. Mwaka uliofuata mafuriko ya 2024 walikuja vijana kadhaa wa Mathare. Mmoja wao alikaa muda mrefu bila kugusa kafi. Alisema, "Kwetu mto ndio ulibeba nyumba ya shosho. Halafu maji yalipopungua, zikaja tingatinga." Wengi mtakumbuka: Aprili na Mei mwaka ule maji yalizoa nyumba Mathare na Mukuru, watu wakafa, kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba zikabomolewa watu wakiwa bado wanatafuta maiti na vyeti vyao vya kuzaliwa. Kijana yule hakuwa na haja ya kuelezwa uzuri wa mito. Alitaka kujua kama mto ukisafishwa na kupandwa miti kando yake, yeye atakuwa na mahali pa kukaa ili auone.

Swali lake ni la haki, na naliweka mbele ya kila anayesema tuurudishe Mto Nairobi. Tangu enzi za John Michuki, aliyeshika wizara ya mazingira na kusukuma usafishaji uliozaa ile bustani yenye jina lake karibu na mzunguko wa Globe, tumeona juhudi zikija na kupoa. Tume ya mito ya Nairobi iliundwa mwaka 2022, na mwaka 2025 vijana wengi waliajiriwa kuzoa taka mtoni. Kazi yao ni ya heshima na nimeona tofauti kwenye kingo. Lakini taka za plastiki ndizo zinazoonekana. Kinachoua mto ni kinyesi na kemikali, na hayo hayaondoki kwa reki. Yanaondoka kwa mabomba ya majitaka yanayofika kwenye kila nyumba ya Mathare na Mukuru, na kwa viwanda kulazimishwa kusafisha maji yao kabla ya kuyaachia. Paris walipiga marufuku kuogelea Seine mwaka 1923, na wakaruhusu tena umma kuingia majini Julai 2025, baada ya kutumia kama yuro bilioni 1.4, sehemu kubwa ikienda ardhini kwenye mifereji na matangi ambayo hakuna mtalii anayeyapiga picha. Singapore walishughulika na mto wao miaka kumi, 1977 hadi 1987, wakihamisha mabanda na biashara za kingoni na kuwapa wenyewe mahali pengine. Nairobi ina watu zaidi ya milioni nne kwa sensa ya 2019. Wao pia wanahitaji pa kwenda, na kwanza kabisa wanahitaji vyoo vinavyofanya kazi.

Basi mtu ataniuliza, mitumbwi inahusikaje? Jibu langu ni hili. Wahandisi hujenga mabomba pale wananchi wanapoyadai bila kuchoka, na hakuna anayedai kwa nguvu kitu ambacho hajawahi kukionja. Wale vijana wa Mathare walipokubali hatimaye kuingia majini, walirudi na hasira mpya. Hapo awali walikuwa wanaukasirikia mto. Jioni walikuwa wanawakasirikia walioufikisha mto pale ulipo. Mmoja alisema hakuwahi kujua kwamba mto unaweza kukosa harufu.

Watu wazima wa jiji hili wanakumbuka bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata, lililojengwa miaka ya 1950 kwenye Mto Ngong. Mashua za matanga zilikuwa zinacheza pale, kulikuwa na klabu yake. Kisha likaja tope, majitaka na gugumaji, hadi leo ukipita unaweza kudhani ni shamba la majani. Bwawa lile ni maji ya kutulia, halina mkondo wa kutisha, na liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa maelfu ya watoto. Likisafishwa kuanzia juu, kwenye vijito vinavyoliingia, hapo ndipo pangefaa kuwa shule ya kafi ya Nairobi. Leo sishauri mtu atie hata mguu pale, wala kwenye Mto Nairobi wenyewe. Kipindupindu na homa ya matumbo si mambo ya kujaribia.

Jambo jingine linalotuzuia ni vyombo. Kayaki za plastiki huagizwa kutoka nje na bei yake huwatoa watu wengi kwenye mchezo kabla hawajaanza. Wakati huohuo jiji hili limejaa mafundi wanaochonga bodi za matatu na kumimina matangi kwa faiba, watu wanaoweza kukunja umbo lolote unalowachorea. Mtumbwi wa wazi wa mita tano hauwashindi. Tunahitaji kalibu moja nzuri ya kumiminia, na tutapata vyombo vya shule kumi. Katika mambo yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo linaloweza kufanyika mwaka huu.

Kwa masika yajayo tunataka siku mbili badala ya moja. Jumamosi Sagana, majini. Jumapili Nairobi, kwa miguu, kando ya mto kutoka Michuki Park kuelekea Korogocho, tukiongozwa na vijana wa mitaa yenyewe waliogeuza majaa kuwa bustani, ili waliokunywa Tana jana waone inakopelekwa. Tunatafuta fundi wa faiba aliye tayari kujaribu kalibu hiyo, dereva mwenye gari la kubeba mitumbwi mirefu, na muuguzi wa kukaa nasi ukingoni siku nzima. Wasiojua kuogelea waje pia, jaketi na helmeti zipo za kuazima. Leteni viatu vya kufungwa ambavyo havitatoka mguuni, na nguo kavu za kubadilisha jioni.